Lori la "mbolea ya bure" lilimwaga tope la kiwandani shambani kwangu Kikwe. Wakulima wa Arusha na Moshi, someni kabla hamjapokea

Bustani ya Kikwe

Habari za jioni wakuu.

Nina nusu eka huku Kikwe, Arumeru. Maji napata ya mfereji kwa zamu, usiku wa Jumanne na wa Ijumaa. Nalima mchicha, chainizi, figiri na karoti kidogo. Mke wangu anauza Kilombero, na Jumamosi anashusha gulioni Tengeru. Watoto wangu wanne wanakula mboga hiyo hiyo. Sina shamba la kuuza na shamba la kula.

Mwaka jana mwezi wa nane alikuja kijana na pikipiki akipita shamba kwa shamba. Anasema kuna mbolea inatoka kiwandani, haiuzwi, wewe unachangia mafuta ya Fuso tu, elfu arobaini kwa tripu. Nani angekataa? Wote tunakumbuka 2022 mfuko wa DAP wa kilo 50 ulivyovuka laki moja mpaka serikali ikaingiza ruzuku. Tangu mwaka ule mkulima mdogo akisikia mbolea ya bei ya chini haulizi mara mbili. Nilichukua tripu mbili. Jirani yangu wa juu alichukua nne.

Lilimwagwa jioni. Tope la kijivu, zito kama udongo wa kufinyangia, linanuka yai viza na chokaa. Asubuhi nikaingia na koleo kulisambaza, ndipo nikaliangalia vizuri. Ndani mlikuwa na nywele fupi za ng'ombe, na vipande vyembamba vilivyojikunja kama maranda ya seremala, laini, rangi ya buluu iliyopauka. Nilidhani ni nailoni. Nikavuta kimoja kwa vidole viwili, kikanyumbuka, hakikukatika. Nikakitupa, nikaendelea na kazi.

Niseme ukweli, mboga zilikubali. Mchicha wa kwanza ulitoka jani pana, kijani kilichokolea, wateja wakawa wanamtafuta mke wangu sokoni kwa jina. Mkupuo wa pili nao haukuwa mbaya. Mkupuo wa tatu ndipo mambo yalipobadilika. Maji yakikauka juu ya tuta panabaki ukoko mweupe. Nikauonja kwa ncha ya ulimi: chumvi. Kingo za majani zikaanza kuungua kama zimepitiwa na moto. Lakini lililonikosesha usingizi ni nyungunyungu. Shamba hili zamani nikipiga jembe mara tatu wanangu wanaokota nyungunyungu wa kuvulia samaki siku nzima. Sasa nachimbua tuta zima sioni hata mmoja. Nikivuka mfereji kwenye kipande ambacho tope halikufika, wapo kama kawaida.

Aliyenifungua macho ni binamu wa mke wangu. Alikuja kwetu kwenye msiba, tukatembea shambani, akainama akaokota kile kipande cha buluu. Akaniambia, "Shemeji, hii ni ngozi. Ikitoka kwenye pipa la kromu ndiyo inakuwa buluu hivi. Haya ni maranda ya mashine ya kusawazishia." Alishafanya kibarua kwenye kiwanda cha ngozi miaka mitatu, anajua anachosema. Kiwanda lilikotoka tope langu sikitaji hapa, kwa sababu sina karatasi yoyote mkononi inayoonyesha limetoka wapi. Na huo ndio ugonjwa wenyewe: hakuna karatasi.

Kwa asiyejua kazi ya ngozi: ngozi mbichi hulowekwa kwenye chokaa na salfaidi ili nywele zitoke, ndiyo ile harufu ya yai viza. Kisha hutiwa chumvi za kromiamu, ndiyo ile kromu, ili isioze. Maji yake yakituama, kinachobaki chini ni tope lenye naitrojeni ya zile nywele na mabaki ya nyama, chokaa, chumvi nyingi, na kromiamu. Naitrojeni ndiyo iliyonikuzia mchicha. Vingine vilivyokuja nayo vimebaki shambani.

Kromiamu tunayoizungumzia ni ya aina mbili, zinaitwa ya tatu na ya sita. Ya tatu, ile inayotumika kwenye ngozi, hung'ang'ania udongo na mmea hauinywi sana. Ikiingia hubaki zaidi kwenye mizizi. Ya sita ndiyo mbaya. Inayeyuka kwenye maji, inasafiri hadi kisimani, na imethibitika kuwaletea saratani ya mapafu watu wanaoivuta viwandani. Kwa hiyo sitaki kumtisha mtu aliyekula mchicha wangu, maana kromiamu ya tatu haipandi kwa wingi mpaka kwenye jani.

Nilipeleka udongo maabara hapa mjini, sampuli mbili, upande wa tope na ng'ambo ya mfereji. Kromiamu na chumvi vilikuwa juu mno upande wa tope. Risasi na kadimiamu, madini mengine yenye sumu, hazikupishana kati ya pande mbili. Nilimshukuru Mungu, halafu nikakaa nikafikiri. Nimenusurika kwa bahati tu. Lingekuwa tope la kiwanda cha betri, au majivu ya tanuri la kuyeyushia vyuma chakavu, ningelipokea vile vile kwa elfu arobaini ile ile, nikasambaza kwa koleo lile lile.

Hayo madini mazito, wengine wanayaita madini tembo, hayafanani na dawa ya kuua wadudu ambayo ukisubiri siku zake inaisha. Hayaozi, na kuyachemsha hakuyapunguzi. Ukiosha mboga unatoa vumbi la juu, ila kilichopandia mizizini kiko ndani ya jani. Kadimiamu ndiyo inayopenda mboga za majani kuliko zote. Ikishaingia mwilini inakaa kwenye figo miaka kumi hadi thelathini. Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya chakula, vya Codex, vinataka mboga za majani zisizidi miligramu 0.2 za kadimiamu kwa kilo, na 0.3 za risasi. Ni kiasi kidogo mno, jicho haliwezi kukiona wala ulimi kukionja.

Sisi wa ukanda huu tungekuwa wa kwanza kuelewa jambo hili. Nani hapa hajamwona mtu wa Maji ya Chai mwenye meno ya kahawia? Ni floraidi, iliyomo kwenye maji tangu enzi za mababu, haina harufu, haina ladha ya kumshtua mtu, na kuna watoto walipinda miguu kabla wakubwa hawajajua kinachowapinda. Ile ni ya volkano, hakuna wa kumlaumu. Hii ya kwangu imeletwa na Fuso.

Na si sisi wa kwanza. Marekani, jimbo la Washington, kuna mji mdogo wa wakulima unaitwa Quincy. Miaka ya 1990 wakulima wa pale waliona mazao yanakufa na mifugo inaugua. Meya wao alikuwa mama mmoja, Patty Martin, akaanza kuuliza mbolea ile ina nini. Mwaka 1997 gazeti la Seattle Times likatoa mfululizo wa habari: viwanda vya chuma na vingine vilikuwa vinapeleka taka zenye risasi, kadimiamu na aseniki zikachanganywe kwenye mbolea. Vumbi la tanuri la chuma lina zinki, na zinki mmea unaihitaji, kwa hiyo sheria iliruhusu. Vumbi lilikuwa linaingia ghalani likiitwa taka hatari, linatoka mlango wa pili likiitwa mbolea, na hakuna aliyelazimika kumwambia mkulima kwamba mle ndani mna risasi. Mama yule alichukiwa na baadhi ya watu wa mji wake mwenyewe, wakisema anaharibu soko la mazao yao. Lakini 1998 jimbo lake likapitisha sheria ya kupima na kutangaza madini hayo kwenye kila mbolea inayosajiliwa.

Angalieni mfuko wa DAP. Umeandikwa 18 na 46. Mama yangu hajui kusoma lakini namba hizo anazijua, anajua naitrojeni ni ngapi na fosfeti ni ngapi. Tope langu lilikuja bila namba hata moja. Anayekuletea mbolea anakuambia ina nini. Anayekuambia "ni nzuri, jaribu tu" anatafuta pa kutupia.

Ombi langu kwenu ni moja. Lori likija, kabla halijainua bodi, uliza karatasi ya maabara. Kama haipo, ligeuze.

Kipusa wa Sakina

Kaka pole sana, na asante kwa kusema wazi wakati wengine wangenyamaza wakaendelea kuuza.

Mimi si mkulima, mimi ni mnunuzi. Nina mtoto wa miezi tisa, namsagia mchicha kwenye viazi karibu kila siku kwa sababu kliniki waliniambia una madini ya chuma. Nanunua Kilombero. Nimesoma uzi huu mkono uko kifuani. Nitajuaje fungu la mchicha lina nini? Niache kumpa?

Ndizi Mshare

Mimi naomba tusitiane hofu. Niko Moshi, Kibosho. Baba yangu alikuwa anabeba maganda ya kahawa kutoka kiwanda cha kukobolea, anayarudisha kwenye migomba, na mikungu ya nyumbani mlikuwa mnaisikia mpaka Mbuyuni. Kule Arusha Chini lile tope jeusi linalobaki baada ya kuchuja juisi ya miwa linarudishwa mashambani. Machicha ya bia wanakula ng'ombe wa mkoa mzima na maziwa tunakunywa. Vyote hivyo ni taka za kiwandani. Mkulima akisoma kichwa cha uzi wako ataacha hata vile vizuri, arudi kwa muuza duka akakamuliwe.

Bustani ya Kikwe

Dada Kipusa, usiache kumpa mtoto mboga. Kumnyima ni madhara ya uhakika kuliko haya. Ninachofanya kwangu sasa ni hivi: mboga za watoto nazibadilisha, leo mchicha, kesho maboga, keshokutwa maharage, ili asile kitu cha udongo mmoja kila siku. Osha kwa maji mengi ya kutiririka, maana udongo uliogandia kwenye shina ndio unaobeba madini mengi kuliko jani lenyewe. Na tafuta mama mmoja wa kununua kwake, umjue anatoa wapi. Muulize shamba liko wapi, wanamwagilia maji gani. Ukiwa mteja wa kudumu hatakuficha. Kwa macho hutaweza kuitambua mboga yenye madini, hata mimi mchicha wangu mzuri kuliko wote ndio uliotoka kwenye tope.

Ndizi Mshare, kaka yangu, umesema kweli na nimefurahi umeleta hoja hiyo. Maganda ya kahawa yametoka shambani, yanarudi shambani. Tope la miwa ni udongo, nta na nyuzi za muwa ule ule, pamoja na chokaa ya kusafishia juisi. Machicha ni shayiri. Hakuna sumu ngeni iliyoingizwa katikati ikabaki humo. Siwezi kupinga, mimi mwenyewe nimekulia kwenye kihamba, shamba la migomba la nyumbani, na najua samadi na maganda vilivyotulea. Swali langu kwa kila taka ni kiwanda kilitia nini kabla ya kutoa. Ngozi ilitiwa kromiamu. Chuma chakavu kilikuja na rangi, betri na mabati. Nguzo za umeme na za uzio nyingine zimelowekwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, kwa hiyo hata majivu ya mbao, ambayo bibi zetu waliyaamini, yanategemea ni mbao gani imechomwa.

Hata lile linaloonekana halina shida lipimwe. Jimbo la Maine, huko huko Marekani, wakulima walimwagiwa tope la majitaka na la viwanda vya karatasi kwa miaka mingi, kwa baraka zote za serikali, wakiambiwa ni virutubisho. Baadaye likakutwa na zile kemikali wanazoita za milele, zinazowekwa kwenye vikaango visivyogandisha na nguo zisizopitisha maji. Zikaonekana kwenye maziwa ya ng'ombe. Wafugaji wakamwaga maziwa yao chini. Mwaka 2022 Maine ikapiga marufuku tope hilo mashambani moja kwa moja. Wale hawakudanganywa na dalali wa pikipiki, waliambiwa na wataalamu wao. Kilichokosekana ni kupima kwa upana.

Msukani

Mimi ni dereva. Nimefikiria sana kabla ya kuandika.

Nimebeba hizo tripu. Si za Kikwe, ni upande mwingine wa mkoa, ila ni mali ya aina hiyo hiyo. Mfumo uko hivi: kiwanda kinamlipa mtu wa kati aondoe. Ukipeleka dampo la Muriet unakaa foleni na unalipia. Ukipeleka shambani unalipwa na mkulima. Kwa hiyo tajiri anakusanya pesa mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Sisi madereva tunaambiwa ni mbolea, tunapakia, tunashusha, basi. Nilikuwa narudi nyumbani buti zimegeuka nyeupe kwa chokaa na ngozi ya mikono inachubuka, nikajisemea kama inanichubua mimi, shambani inafanya nini? Nikaacha baada ya miezi miwili.

Nimeandika ili mjue dalili. Mzigo unaondoka jioni au usiku. Gari halina bango. Huandikiwi risiti, na hati ya kusafirisha haipo. Ukimwuliza dereva jina la kiwanda anakwambia muulize bosi.

Bustani ya Kikwe

Ndugu Msukani, umefanya jambo kubwa, Mungu akubariki. Hiyo hati uliyoitaja ndiyo kila kitu. Taka hatarishi kwa kanuni zetu hazibebwi na mtu yeyote tu. Anayekusanya na anayesafirisha lazima awe na kibali, na NEMC, chombo cha serikali cha mazingira, ndio wasimamizi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4 kabisa, inasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Upande wa mbolea tuna Sheria ya Mbolea ya 2009, iliyozaa TFRA, mamlaka ya kudhibiti mbolea, na mbolea ambayo haijasajiliwa haitakiwi kuuzwa. Mchango wa mafuta ni bei, wasitudanganye. Elfu arobaini niliyotoa ilikuwa mauzo.

Fundi Ngaramtoni

Mkuu, mimi ningekushauri kitu rahisi. Likusanye lile tope juu juu, likauke, lichome na takataka. Majivu yake rudisha kidogo kidogo. Moto unaua kila kitu.

Bustani ya Kikwe

Hapana, hapana, tafadhali. Naomba kila anayesoma asome hapa mara mbili.

Moto unaua vijidudu. Madini hauyaui. Na kwa kromiamu ni vibaya zaidi: ile ya tatu ikichomwa pamoja na chokaa kwenye hewa, sehemu yake inageuka ya sita. Unakuwa umechukua kitu kilichotulia kwenye udongo ukakifanya sumu inayoyeyuka, halafu unaivuta kwenye moshi na kuirudisha shambani kwenye majivu. Yule binamu wa mke wangu anasema kiwandani walikuwa wanakatazwa kabisa kuchoma maranda ya buluu, na vibarua hawakuelezwa sababu, walidhani ni uchoyo wa kuni.

Bwana Shamba Mstaafu

Vijana, nimefanya kazi ya ugani miaka thelathini na moja, Hai, Arumeru na Moshi Vijijini. Nimesoma tangu mwanzo.

Kwanza sampuli, maana naona wengi mtakimbilia maabara na udongo uliochukuliwa vibaya. Tembea shambani kwa mwendo wa nyoka, chukua sehemu kumi hadi kumi na tano. Fyeka majani, chimba sentimita ishirini, kata kipande chembamba cha ukuta wa shimo kutoka juu hadi chini. Changanya kwenye ndoo ya plastiki iliyooshwa. Usitumie ndoo ya bati, ina zinki, utapeleka maabara zinki ya ndoo yako. Anika kivulini, chukua nusu kilo, andika jina, tarehe na kipande cha shamba. Na siku zote chukua sampuli ya pili mahali ambapo taka haikufika, kama alivyofanya mwenye uzi. Udongo wetu wa volkano una madini yake ya asili. Bila pa kulinganisha namba moja haikuambii kitu. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha, na Tengeru pale chuo cha Nelson Mandela wana maabara. Nendeni kwa kikundi, mgawane gharama.

Pili, shamba lililokwisha kuchafuka. Udongo ukiwa na uchachu, yaani pH ya chini, kadimiamu inalegea na mmea unainywa. Ukiupandisha kwa chokaa safi ya kilimo inashikwa. Samadi na mboji iliyoiva nazo hushika madini, na kwa kromiamu zina faida nyingine, husaidia kuizuia isigeuke kuwa ya sita. Chumvi utaisukuma chini kwa maji mengi ikiwa mfereji wako unatiririsha vizuri, angalia tu usiisukumie kwa jirani. Mboga za majani na za mizizi acha kabisa kwenye kipande hicho. Mazao ya tunda na ya nafaka hubeba kidogo zaidi kwenye sehemu inayoliwa, lakini kwa kipande kidogo kama chako mimi ningepanda mgrevilea, mti wa mbao, nikasahau habari ya kula.

Mpunga Mabogini

Shikamoo mzee. Mimi niko Mabogini. Kuna wakulima wenzetu wanamwagilia mpunga kwa maji yanayotoka mabwawa ya majitaka ya mji wa Moshi. Mavuno ni mazuri, mbolea hawaweki nyingi. Hilo nalo liko kwenye mambo haya?

Bwana Shamba Mstaafu

Marahaba mwanangu.

Liko, ila lina njia yake. Majitaka ya majumbani hatari yake ya kwanza ni minyoo na vijidudu, kwa huyo anayeingia jaruba miguu mitupu kabla ya mlaji. Vaeni buti, nawieni, watoto wasicheze humo. Mchele unapikwa, hilo linasaidia. Mboga ya kuliwa mbichi isimwagiliwe maji hayo. Hatari ya pili inakuja pale karakana, viwanda vidogo na waosha betri wanapomwaga vyao kwenye mfereji huo huo wa majitaka. Hapo mpunga unahitaji kuangaliwa.

Nitakupa habari ya Wajapani, kwa sababu ndio waliotusaidia kujenga skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi miaka ya 1980, nami nilifanya nao kazi. Kwao mkoa wa Toyama kuna mto unaitwa Jinzu. Juu mtoni kulikuwa na mgodi, kadimiamu ikateremka na maji ya kumwagilia ikaingia majaruba ya mpunga. Watu walikula mchele wao kwa miaka mingi. Wanawake wa makamo, waliozaa watoto kadhaa, ndio walioumia zaidi. Figo ziliharibika, mifupa ikawa laini, mwingine alikuwa anavunjika mfupa kwa kukohoa tu. Walikuwa wanalia "itai, itai", yaani inauma, inauma, na ugonjwa ukabaki na jina hilo. Serikali yao ilikiri chanzo mwaka 1968, wengine walishazikwa zamani.

Tabia ya mpunga ni hii: maji yakiwa yamesimama jarubani kadimiamu inafungwa na salfa, mmea unapata kidogo. Mkikausha jaruba mapema, wiki kadhaa kabla ya kuvuna, inafunguka na mmea unaivuta wakati wa kujaza punje. Kwa hiyo kama kuna wasiwasi na maji, msikaushe mapema. Kwa mchele uliokobolewa Codex wameweka miligramu 0.4 kwa kilo. Pimeni, msikisie.

Kipusa wa Sakina

Mzee ahsante. Nimelia hapo kwenye wale wanawake.

Bustani ya Kikwe, tupe mrejesho. Umefikia wapi na kijiji?

Bustani ya Kikwe

Samahanini kwa ukimya, wiki tatu hizi nimekuwa njiani.

Nilianza kwa mtendaji wa kijiji. Nilikwenda na majibu ya maabara na kile kipande cha buluu ndani ya bahasha. Alikishika, akanusa, akaniuliza wangapi walipokea. Tukapita naye shamba kwa shamba, tukapata kumi na mmoja. Wawili walikasirika, wanasema nitawafungia soko. Sikubishana nao, kwa sababu nami siku ya kwanza baada ya kuambiwa niliwaza kunyamaza mpaka niuze mkupuo uliokuwa ardhini. Niling'oa mchicha ule usiku mmoja nikiwa peke yangu, matuta kumi na nane, na yalikuwa yamebaki siku nne uvunwe. Sikuulisha ng'ombe, nimeufukia pale pale.

Taarifa imeandikwa na imepelekwa NEMC na TFRA kwa barua ya kijiji, si ya kwangu binafsi. Wakulima saba wamekubali kuchangia vipimo, na mzee Bwana Shamba ameahidi kuja mwenyewe atuonyeshe mwendo wa nyoka. Kijana wa pikipiki haonekani tena huku. Nasikia amehamia upande wa Mbuguni, ndugu wa huko mkae macho.

Kipande cha tope nimekiwekea samadi iliyoiva ya kutosha na miche sitini ya mgrevilea. Jana nilichimba pembeni mwa mche mmoja kuangalia, nyungunyungu bado.

Mke wangu alikwenda Kilombero akawaeleza wateja wake mmoja mmoja, ana kwa ana, kwa nini mafungu yamepungua. Watatu wameondoka. Mama mmoja wa Ngarenaro aliuliza tu kile kipande cha ng'ambo ya mfereji kinatoa mafungu mangapi. Akaambiwa ishirini kwa mkupuo. Akasema awekewe matano, na atakuja kuchukua Jumamosi.